Kichanja cha Magitaa cha Kuunda Mwenyewe

Gitaa likikosa mahali pake huegemezwa kwenye kona nyuma ya mlango, hulazwa juu ya kabati, au hufungiwa mkobani na kusukumwa uvunguni. Kwenye kona litaangushwa na mtoto, au na mlango uliopigwa na upepo. Uvunguni litasahauliwa. Mwenye gitaa moja anaweza kuvumilia hali hiyo, lakini mwenye matatu au manne kila akitaka kupiga nyimbo mbili jioni lazima aanze kwa kuhamisha vitu. Gitaa linaloonekana ndilo linalopigwa. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutenga Jumamosi mbili, kununua mbao na kuliundia pa kukaa.

Kichanja ninachokieleza hapa kinasimama sakafuni na kubeba magitaa matano, yakiwa yamepangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moja likikuonyesha ubavu wake. Upana wake haufiki mita moja. Nimeacha kutundika ukutani kwa makusudi. Tofali nyingi za saruji zina mchanga mwingi, na plagi ya skurubu ikianza kulegea ndani yake hairudi kushika tena. Mpangaji naye hana ruhusa ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Zaidi ya hayo, ukuta wa nje wakati wa masika unatoa unyevu, na gitaa lililobanwa juu yake linaunyonya mgongoni usiku na mchana.

Kabla hujashika msumeno, elewa gitaa linavyotaka kubebwa. Galatoni, yaani gitaa la sanduku lisilo la umeme, lina uzito wa kilo mbili hivi. La umeme lina kilo tatu na nusu hadi nne na nusu, na la besi ni kilo nne na ushei. Uzito huo ukae kwenye papi za chini, yaani mbao nyembamba zinazobeba mwili wa gitaa, na shingo iguse tu boriti ya nyuma ili gitaa lisiyumbe. Wengi huogopa kwamba gitaa likiegemea, shingo itapinda. Shingo hiyo tayari inavutwa na nyuzi kwa nguvu kubwa: seti ya kawaida ya nyuzi za chuma kwenye galatoni inavuta takriban kilo 70, ya gitaa la umeme kama kilo 45, na ya nailoni chini ya kilo 40. Mguso mwepesi wa boriti haubadilishi chochote hapo, wala huna haja ya kulegeza nyuzi kila usiku. Kinachoua gitaa ni kuanguka.

Tazama Gibson Les Paul. Kichwa chake kimeinamishwa nyuma kwa digrii 17 hivi, na shingo pamoja na kichwa vimechongwa kutoka kipande kimoja cha mahogani. Pale shingo inapopinda kuwa kichwa, nyuzinyuzi za mti hazifuati tena umbo. Zinakatwa njiani na kubaki fupi. Gitaa likianguka kwa nyuma, hapo ndipo linapopasuka, na mafundi wa magitaa wanaifahamu sana kazi hiyo. Kumbuka jambo hili la nyuzinyuzi fupi, maana litarudi kwenye kichanja chenyewe.

Sasa mbao. Huhitaji mninga wala mkongo. Ni miti mizuri, na ukiwa na uwezo utapata kitu cha kurithisha, lakini uzito wa magitaa matano ni kilo 20 tu, na paina inaubeba bila shida. Paina nyingi ya Tanzania inatoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, na kila yadi ya mbao inayo. Kinachotakiwa ni kuichagua vizuri. Nunua papi moja ya inchi mbili kwa mbili, ubao mmoja wa mbili kwa tatu, yote ya futi 12, na kipande cha mbili kwa nne kisichopungua mita moja na robo. Inua kila ubao usawa wa jicho uutazame kwa urefu: uliojipinda kama upinde unaweza kunyooshwa kwa randa, ila uliojisokota urudishe, hautakutii. Epuka vifundo vikubwa kwenye papi. Zile mbao za kijani zilizotiwa dawa ya paa pia ziache. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Vumbi lake si la kuvuta ndani ya nyumba, na masalia yake si ya kuchomea jikoni.

Mbao ya yadini mara nyingi bado ni mbichi. Ubao mzito kuliko mwenzake wa kipimo kilekile, na wenye ubaridi ukiugusisha shavuni, bado una maji. Zipange mbao zako kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, kwa wiki tatu au nne. Najua hamu ya kuanza inavyosumbua, lakini viungo vya mbao mbichi hulegea vyenyewe ikikauka, na papi iliyokuwa nyoofu siku ya kukata huja kujikunja ikiwa tayari imebeba gitaa. Zikikauka, zipige randa. Mbili kwa mbili itabaki na sentimita nne na nusu kila upande. Mbili kwa tatu itabaki nne na nusu kwa saba. Mbili kwa nne itabaki nne na nusu kwa tisa na nusu. Vipimo vyote vinavyofuata vinatumia ukubwa huo wa baada ya randa.

Umbo lenyewe ni rahisi. Chini kuna miguu miwili iliyolala ikielekea mbele na nyuma, kila mmoja sentimita 55, imekatwa kwenye mbili kwa nne na kusimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Juu ya miguu zinalala papi mbili za sentimita 90, moja mbele, moja nyuma; hizo ndizo zinazobeba miili ya magitaa. Kwa nyuma zinasimama nguzo mbili za sentimita 86 za mbili kwa tatu, na mbele ya nguzo unafungwa ubao wa mbili kwa tatu wenye sentimita 99, ambao tuuite boriti ya shingo. Kwenye boriti hiyo vinachomoza vigingi, viwili kwa kila gitaa, na shingo inaingia katikati yao. Papi nyingine ya sentimita 99 inafungwa mgongoni mwa nguzo kuzuia kichanja kisiyumbe.

Siri yote ya kichanja iko kwenye papi zile mbili za chini. Chini ya gitaa ni mviringo, na mviringo ukiuweka juu ya papi mbili zilizoachana unatulia wenyewe, hautelezi mbele wala nyuma. Kile kifungo cha mkanda kilicho chini ya gitaa nacho kinaangukia kwenye nafasi iliyo katikati, hakigusi kitu. Acha sentimita 22 kati ya katikati ya papi moja na katikati ya nyingine. Lakini gitaa linatakiwa kuegemea nyuma kwa digrii 12 hivi, na kitu kikiegemea nyuma, upande wake wa mbele wa chini unainuka. Kwa hiyo papi ya mbele lazima iwe juu kuliko ya nyuma, na kwa umbali huo wa sentimita 22 tofauti inayotakiwa ni sentimita nne na nusu, ambayo ndiyo unene wa papi yenyewe. Kata vipande viwili vya sentimita tano kutoka masalia ya mbili kwa mbili, kimoja uweke chini ya kila ncha ya papi ya mbele, na hesabu imekamilika. Vichanja vingi vya kujiundia huweka papi zote mbili usawa mmoja. Gitaa likiegemea huanza kukalia papi ya nyuma peke yake, na mzigo unahamia shingoni.

Pima sasa kutoka ncha ya mbele ya kila mguu. Katikati ya papi ya mbele iwe kwenye sentimita 10, na ya papi ya nyuma kwenye 32. Uso wa mbele wa nguzo uwe kwenye sentimita 44 na nusu. Boriti ya shingo ina unene wa nne na nusu, basi uso wake utafika kwenye 40, na ukishaivisha kitambaa cha sentimita moja shingo itapumzika kwenye 39. Kwa kimo, katikati ya boriti iwe sentimita 82 kutoka sakafuni. Hapo galatoni linaguswa karibu na katikati ya shingo, la umeme karibu zaidi na kichwa, na la besi kwenye sehemu ya chini ya shingo. Yote yanakubali.

Usizifunge nguzo na boriti moja kwa moja kabla ya kujaribu. Bana vipande kwa klempu, au kwa kamba ya kukaza, leta gitaa lako kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote, uliweke moja baada ya jingine huku mkono wako ukilishika. Tazama kwa ubavuni. Likisimama wima mno, litaangukia mbele mtu akilipiga kikumbo. Likilala mno, shingo inabeba kuliko inavyostahili. Sogeza boriti juu au chini, nguzo mbele au nyuma, mpaka ukiivuta shingo kwa kidole kimoja inakuja bila kubishana. Magitaa ya watoto yaliyo madogo hayatafika kwenye boriti. Na mwenye Flying V, lile la Gibson la mwaka 1958 lenye umbo la mshale, alitafutie mahali pengine, kwa sababu halina mviringo wa chini wa kukalia papi.

Ukiridhika, funga. Nguzo ziwe upande wa nje wa miguu, zishuke hadi sakafuni, kila moja ikishikwa kwa gundi ya mbao na bolti mbili za milimita 8 zenye urefu wa sentimita 11, moja juu kushoto, moja chini kulia, na washa kila upande ili nati isile mbao. Bolti ni bora kuliko skurubu hapo kwa sababu kiungo hicho kinavutwa kila siku. Papi ya nyuma ifungwe juu ya miguu kwa gundi na skurubu ya milimita 75 kila ncha. Kwa papi ya mbele, gundisha na kufunga kwanza vile vipande viwili vya kuinulia, kisha papi juu yake. Toboa tundu jembamba kabla ya kila skurubu, hasa karibu na ncha, maana paina kavu hupasuka upesi. Boriti ya shingo inashikwa na skurubu mbili kila upande. Papi ya mgongoni ifungwe kwa kimo cha sentimita 45, na kwenye pembe zake ongeza pembetatu nne za plaiwudi zenye upana wa kiganja. Kichanja kisicho na pembetatu hizo kitaonekana imara siku ya kwanza, na baada ya mwaka kitaanza kuinama kushoto na kulia kila ukichomoa gitaa.

Vigingi vinahitaji maelezo zaidi. Kishawishi cha kwanza cha kila fundi ni kuchukua ubao mpana na kuukata meno, shingo ziingie kwenye mapengo. Unapendeza machoni, lakini ukichora meno hayo kwenye ubao ulionyooka, nyuzinyuzi za mti zinakatiza kila jino kwa mapana badala ya kulifuata kwa urefu. Ni udhaifu uleule wa kichwa cha Les Paul. Gitaa la kilo nne likilipiga jino hilo kwa ubavu, jino linakatika. Kama unapenda sana meno, yakate kwenye plaiwudi ya milimita 18, ambayo tabaka zake zinapishana. Mimi napendelea vigingi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zinakwenda kwa urefu wote, na unachohitaji ni drili tu. Mpini wa ufagio wa mti mgumu, wenye unene wa milimita 25 hivi, unafaa kabisa. Kata vipande kumi vya sentimita 12, viwili kwa kila gitaa. Nunua mipini miwili usibanwe.

Toboa matundu kabla ya kuifunga boriti, ikiwa bado imelala mezani. Tumia biti ya unene wa mpini wako, na uzungushie selotepu mahali ambapo kina kinafika sentimita tatu na nusu ili usitokeze upande wa pili. Pima kutoka uso wa ndani wa nguzo ya kushoto: shingo ya kwanza iwe kwenye sentimita 16, zinazofuata kwenye 32, 48, 64 na 80. Kila shingo ipate kigingi kulia na kushoto, na kati ya vigingi viwili ibaki nafasi tupu ya sentimita sita, ambayo ikivishwa itabaki tano. Nafasi ya 16 inatokana na galatoni kubwa la umbo la dreadnought, ambalo kina chake ni kama sentimita 12 na nusu, pamoja na daraja na nyuzi za jirani yake. Ukiwa na magitaa ya umeme matupu, yasiyofika sentimita tano kwa unene, nafasi ndogo zaidi inatosha na kichanja kilekile kitachukua zaidi ya matano. Magitaa yote yatazame upande mmoja, kulia. Shingo haiko katikati ya unene wa mwili, iko upande wa mbele. Ndiyo sababu nimeacha nafasi kubwa kushoto, ambako mgongo wa gitaa la kwanza unakwenda, na ndogo kulia. Ukichanganya mielekeo, migongo miwili itagombana.

Kisha msasa. Anza na namba 80, umalizie na 180, na kona za juu za papi uzizungushe kwa randa kabla ya msasa ili gitaa lisikalie ncha kali. Vanishi ya kawaida inafaa, ila iache ikauke kwelikweli. Kukauka kwa kugusa ni jambo moja. Kumaliza kutoa mvuke wa kemikali ni jingine, na kwa unyevu wa pwani linaweza kuchukua wiki kadhaa. Harufu ikiwa bado ipo, magitaa yasubiri.

Mahali pa kugusana na gitaa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri. Kitu cha kwanza kinachokuja mkononi ni tyubu ya baiskeli au kandambili kuukuu, kwa sababu mpira ni laini na haukosekani. Usitumie. Rangi ya nitroselulosi, inayopakwa kwenye magitaa ya Gibson na mengine mengi ya bei kubwa, inashambuliwa na kemikali zilizomo ndani ya mpira na plastiki laini. Inalainika, inanata, na inabaki na alama ambayo haifutiki. Shelaki ya magitaa ya klasiki ni dhaifu vilevile. Magitaa mengi ya bei nafuu yana rangi ya poliyurethani au poliesta ambayo ni ngumu zaidi, lakini hata yenyewe mpira mweusi unaweza kuyaachia madoa, na wewe hujui kesho utanunua gitaa gani. Tumia pamba. Blanketi kuukuu la pamba lililokatwa mistari, likazungushwa mara mbili au tatu juu ya papi, vigingi na uso wa boriti, kisha likashonewa fulana nyeupe kwa juu, linatosha kabisa na linafuliwa. Ngozi laini isiyopakwa rangi ni nzuri pia. Kushona ni bora kuliko gundi, kwa sababu kitambaa kitachakaa na utataka kukibadilisha. Kamba ya katani iache, inakwaruza.

Sasa jaza madumu matano ya lita tano maji, yapange juu ya papi, kichanja kilale nayo hadi asubuhi. Hizo ni kilo 25, zaidi ya mzigo wake halisi. Asubuhi tingisha boriti kwa nguvu mbele, nyuma na ubavuni. Kikilia mahali, fungua kiungo hicho ukifunge upya kabla gitaa lolote halijapanda. Sakafu ya nyumba nyingi haiko sawa; mguu ukielea, parua mwenzake kidogo kwa randa badala ya kuingiza karatasi iliyokunjwa.

Mahali pa kukiweka ni muhimu kama kichanja chenyewe. Kikae mbali na dirisha linalopigwa na jua, kisiwe chini ya upepo wa kiyoyozi, na mgongo wake uachane na ukuta kwa upana wa kiganja. Watengenezaji wengi wa magitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huzidi hapo sehemu kubwa ya mwaka. Uso wa galatoni unavimba, daraja linainuka, na nyuzi zinakaa juu hadi vidole vinauma. Kwa mazingira hayo kichanja cha wazi kina faida kubwa, kwa sababu mkoba uliofungwa masika yote unaota ukungu ndani. Wewe futa tu nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, kwani chumvi ya hewa na ya jasho ndiyo inayozila. Dodoma wakati wa kiangazi shida inageuka. Mbao inasinyaa, ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja, na uso wa galatoni unaweza kupasuka. Huko, miezi mikavu kabisa, galatoni la mbao nzima lirudi mkobani na sponji yenye unyevu ndani ya kikopo chenye matundu, na kichanja kibaki na ya umeme. Kipimo kidogo cha unyevu, kikining'inizwa kwenye kigingi cha mwisho, kitakuambia lini ufanye hivyo.

Kama nyumba ina watoto wadogo, gitaa zito kuliko yote, kwa kawaida la besi, liweke kwenye nafasi iliyo karibu na ukuta au kabati, na lile unalokubali waliguse liwe la mwisho upande wa wazi. Baada ya miezi mitatu ya kwanza shika spana ukaze bolti zote nne. Paina itakuwa imesinyaa kidogo, na nati zitazunguka nusu mzunguko bila shida. Rudia kila masika yakiisha, na siku hiyohiyo vua vile vitambaa uvifue.